Vikopo Vitatu Dirishani

Ijumaa, Julai. Baridi ya kukata masikio. Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, wingu limeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani, na kila kitu ndani ya nyumba kimelowa, hata kiberiti.

Sijisikii kitu. Naandika hivyo mapema nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa na huzuni kubwa au furaha kubwa.

Majibu ya mara ya pili yamekuja leo saa nne asubuhi. Nilidhani yakija nitalia au nitacheka, moja kati ya hayo. Badala yake nimemenya viazi. Nimeviosha, nimeviweka motoni, nimefunika sufuria. Shemeji yangu Lomayani kaniuliza kama nimesikia alichosema mhudumu wa afya. Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza tena. Nikamwambia alete kuni.

Wacha nianze mwanzo. Kuna watu wanasoma humu hawanijui, na mimi mwenyewe nahitaji kuyaona haya mambo yamekaa kwenye mstari, maana kichwani hayajakaa.

Mume wangu, Baba Naserian, alikuwa mchimbaji wa tanzanite Mirerani. Ameshinda kwenye mashimo ya watu miaka na miaka akisubiri jiwe ambalo siku zote linaonekana kwenye shimo la jirani. Mwezi wa tano alirudi nyumbani amekonda, shati linamning'inia, anakohoa. Tukasema ni vumbi. Kila mtu alisema ni vumbi, mpaka yeye. Siku aliyotema damu kwenye beseni la kunawia nilimburuta hospitali bila kumuuliza. Ikawa TB. Ameanza dawa, analala peke yake chumba cha uani, dirisha wazi na baridi yote hii, na ameanza kuomba chakula cha pili. Huyo kwa sasa simuhofii.

Hospitali walisema wote tunaoishi naye lazima tupimwe, na kwamba atakuja mtu nyumbani, hatuna haja ya kwenda kupanga foleni. Nilishukuru. Mimi nauza nguo za watoto za mtumba pale soko la Kilombero, na nusu ya Arusha hununua kwangu. Ukionekana umekaa kwenye lile benchi la wakohozi, wiki hiyo hiyo watu wanaanza kukuhesabu kwenye ngoma, yaani ukimwi. Mteja anashika gauni, anakuangalia, analirudisha.

Nyumbani tuko hivi: mimi, mume wangu, binti yetu Naserian wa darasa la tano, Lomayani mdogo wake mume wangu anayeosha magari ya watalii, na Koko. Koko ni mama mkwe wangu. Koko ni bibi kwa Kimaasai, na sisi wote tunamwita hivyo kwa sababu ya mtoto. Tunaishi juu ya Sakina, kwenye kiwanja chake, chini ya paa lake. Yeye ana nyumba yake ndogo hatua chache kutoka kwetu, na Naserian analala kwake tangu aache kunyonya.

Hilo la kulala mlikumbuke.

Huyo mtu wa kuja nyumbani akawa Dada Penda, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mwanamke mnene mwenye haraka, anayeanza kuongea akiwa bado kwenye pikipiki. Alitukalisha uani, akatuuliza maswali: nani anakohoa, nani anatoka jasho usiku, nani amepungua. Akatupa vikopo vyeupe vyenye vifuniko vya kuzungusha, kila kimoja kimebandikwa jina. Akaeleza kwamba asubuhi, kabla ya kula chochote, mtu atoke nje, avute pumzi nyingi, akohoe kutoka chini kabisa, atoe makohozi, siyo mate ya mdomoni. Afunike. Vikopo viwekwe mahali pa baridi, yeye atapita kuvichukua na kiboksi chake.

Koko alikataa kikopo.

Hakugomba. Alikirudisha tu mkononi mwa Dada Penda, kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Akasema yeye haumwi, kikohozi chake ni moshi. Na kweli, tangu nimjue anakohoa. Anapikia mafiga matatu ndani ya kijumba kisicho na dirisha la maana, na jiko la gesi alilonunuliwa na mwanawe amelifunika kitambaa, ameweka redio juu yake. Dada Penda akambembeleza. Koko akamwambia kwa upole kwamba mate yake huwapa watu anaowajua. Hawezi kumpa mgeni ayafungie kwenye boksi na kuondoka nayo, asijue yanakwenda kufanywa nini.

Mimi nilielewa. Dada Penda ni Mchaga wa Machame, hakuelewa haraka, ila mimi nimeishi hapa.

Kwa Waarusha, watu wa mume wangu, mate ni baraka. Mimi ni Mpare wa mjini, nimezaliwa Levolosi, nimekua nikipigwa kibao nikitema ovyo. Nilipoletwa hapa kama bibi harusi, wazee walinizunguka, wakanitemea mate ya pombe ya asali mpaka shela ikalowa, nami nilifumba macho na meno nikangoja yaishe. Baadaye nikazoea. Kila asubuhi kabla Naserian hajaenda shule Koko humshika kichwa kwa mikono miwili, humtaja Engai, Mungu wao na wetu, kisha humnyunyizia mate kwenye paji la uso. Tu! Mara moja. Mtoto huondoka akikimbia. Siku Koko akiwa amekasirika na kumnyima, Naserian hurudi kutoka njiani kuja kuyaomba. Ng'ombe akizaa, anatemewa. Pikipiki mpya ya Lomayani ilitemewa tairi zote mbili na taa.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi tukatoka watatu uani, mimi, Naserian na Lomayani, kukohoa kwa amri. Usiombe. Mimi sikohoi, sina kikohozi, nimesimama kwenye baridi nimekumbatia kikopo najilazimisha mpaka machozi yananitoka. Lomayani alikohoa kama trekta lililogoma kuwaka. Naserian alicheka, akapaliwa, na kwa kupaliwa huko ndiyo akapata kitu. Tukafunika. Nikavipanga vikopo vitatu kwenye dirisha la jikoni, upande wa kivulini, nikaenda kukamua. Dada Penda alichelewa kwa sababu ya utelezi, alivichukua jua lilipokuwa limeshapanda, kama tungekuwa na jua.

Majibu yakaja wiki iliyopita. Safari hiyo hakuanza kuongea akiwa kwenye pikipiki. Aliiacha barabarani, akaja kwa miguu, akaomba maji ya kunywa, akakaa.

Wote watatu tumeonekana na TB.

Nakumbuka niliwaangalia kuku. Kulikuwa na mmoja anavuta kitu kirefu kutoka chini ya jiwe, nikawa nataka kujua ni mnyoo au ni kamba. Dada Penda akawa anasema inatibika, dawa ni bure, ni miezi sita, watoto wanapona vizuri kuliko hata wakubwa. Nikamuuliza kama Naserian naye ni miezi sita. Akasema ndiyo. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa kawaida aliyekuja kunywa chai.

Kuanzia pale ndipo ganzi iliponikamata. Ile ya mguu uliolaliwa, ila kwangu imeshika kila mahali.

Nilifanya mambo. Sikwenda sokoni, nilimpigia jirani yangu wa meza nikasema nina malaria. Nilichemsha vikombe, kila mtu na chake. Nilimzuia Naserian shule. Aliniuliza kama atakufa. Nilimwambia hafi, kwa sauti ileile ninayomwambia afunge mlango wa banda. Akaniangalia kidogo, akaenda kucheza. Mume wangu alilia, nilimsikia kule chumbani kwake. Aliita jina la mtoto kisha akajilaumu yeye na Mirerani yote. Nilisimama nje ya dirisha lake na bakuli la uji nikisubiri amalize, uji ukapoa, nikaurudisha kuupasha.

Sikumwonea huruma. Sikumchukia. Yaani nilitafuta ndani yangu nikakuta kama duka lililofungwa.

Kitu kimoja tu kilichonikera ni Koko. Yule aliyekataa kupimwa, ndiye mzima! Anazunguka na fimbo yake, anakohoa moshi wake, anatuangalia sisi wa vikopo. Halafu hapo hapo nikaanza kumhofia. Mwanamke wa umri ule, mwembamba vile, na mtoto mgonjwa anamlalia kifuani kila siku. Nikaenda kumwambia Naserian ahamie kwetu asije akamwambukiza bibi yake. Koko akasimama mlangoni. Akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani wiki nzima.

"Mama Naserian, mtoto wangu hawezi kunidhuru. Muache."

Nikamuacha. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli niliona afadhali mtu mmoja kwenye kiwanja hiki amshike mtoto wangu kwa mikono yenye joto, maana mikono yangu ilikuwa haina kitu. Basi akaendelea kulala kule. Mlango umefungwa, kidirisha kimezibwa na gunia kwa ajili ya baridi.

Jumatatu tulikwenda watatu hospitali kuanza dawa. Daktari, kijana mpole mwenye tai fupi, akatutaka kwanza picha za kifua. Akaziweka kwenye taa, ya kwangu, ya Lomayani, ya mtoto. Akaziangalia muda. Akatuuliza tena maswali yale yale. Naserian anakula? Anakula mpaka tunamficha mkate. Anakohoa? Akicheka tu. Lomayani amepungua? Lomayani ameongezeka, mkanda umehamia tundu jingine. Daktari akasema vifua vitatu hivi ni visafi, na watu watatu hawa hawana dalili, na anapata shida kumtwika mtoto miezi sita ya vidonge kwa jambo lisilomwingia akilini. Huenda sampuli zilichanganyika na za wengine njiani au maabara. Akaamuru turudie, nyumbani kwa utaratibu ule ule, ila safari hii Dada Penda awahi.

Ningepaswa kupata matumaini hapo. Lomayani alipata, alituimbia njia nzima. Mimi niliona ni kuongezewa siku za kungoja.

Jumatano sasa.

Tukakohoa tena uani, alfajiri ya ukungu. Nikavipanga vikopo vitatu dirishani pale pale. Nikachukua ndoo nikaenda bandani. Nilipofika nikakumbuka sijachukua kitambaa cha kumfutia ng'ombe chuchu, nikarudi. Viatu vyangu vya mvua havina kelele kwenye matope.

Koko alikuwa dirishani. Fimbo ameiegemeza ukutani. Vifuniko vitatu viko mbele yake, amevipanga vizuri. Ameshika kikopo kimoja kwa mikono miwili, namna ile ile anavyomshika mtoto kichwa, midomo inacheza, nikasikia jina la Engai, nikasikia jina la Naserian. Kikohozi kikamkatisha. Akakohoa kutoka chini kabisa, kwa muda, kama Dada Penda alivyotufundisha. Kisha akatemea ndani ya kikopo. Tu! Akakifunika. Akachukua cha pili, akataja jina langu.

Nilisimama pale na ndoo. Jina langu la kubatizwa, ambalo hata sikujua analijua. Siku zote mimi ni Mama Naserian.

Nikamuacha amalize. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu hakatizi baraka, hata mimi wa Levolosi nimeshajua hilo. Alipokaza kifuniko cha mwisho nikasema shikamoo Koko. Akaitikia marahaba, wala hakushtuka, wala hakuficha mikono. Nikamuuliza kama na mara ya kwanza alifanya hivi. Akanishangaa.

"Sasa wewe ulitaka makohozi ya watoto wangu yaende kwa watu wasiowajua, peke yao, bila mtu wa kuyaombea?"

Nilikaa kwenye jiwe la kufulia. Ndoo ikabaki mapajani, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe polepole, bila mimi kuyataka. Vikopo vitatu, vifua vitatu visafi, watu watatu wasiokohoa. Na mmoja aliyekataa kikopo, anayekohoa tangu nimjue.

Basi mtu mmoja tu ndiye aliyepimwa, mara tatu.

Dada Penda alipofika aliwahi kweli. Nikamweleza. Kwanza alishika mdomo, halafu akaanza kucheka, halafu akaacha. Akavitupa vile vikopo kwenye mfuko wake wa taka, akatoa vipya, akasimama nasi uani mpaka sote watatu tukakohoa mbele yake, na akavifunga yeye mwenyewe. Kisha akatoa cha nne.

Nilimweleza Koko mimi. Nilimwambia kwamba makohozi yake yalishakwenda, yalishapimwa, na wale watu wasiowajua walishayaona. Kwamba sasa wanataka kuyaona tena yakiwa na jina lake, siyo jina la mjukuu wake. Nilisema yote hayo kwa sauti ya kusoma tangazo. Koko alinisikiliza, akamwangalia Dada Penda kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye kilemba, akasema kitu kwa Kimaasai ambacho Lomayani alikitafsiri akiwa anajizuia kucheka: eti huyu anaendelea kuwa mgeni mpaka lini?

Dada Penda hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikamwambia ainame.

Akainama, barakoa usoni, mikoba miwili begani, kwenye matope. Koko akamshika kichwa, akamwombea, akamuuliza jina la baba yake akalitia humo humo, akamtemea kwenye paji la uso. Dada Penda alifumba macho na, nadhani, meno. Namjua mtu anayefumba meno.

"Haya," Koko akasema. "Lete kikopo chako."

Akaenda nyuma ya migomba, akarudi nacho.

Wakati Dada Penda anafunga boksi lake nilimuuliza taratibu kama zile baraka za kila asubuhi ndizo zingetuua. Akasema hapana. TB haikai kwenye mate ya usoni, wala kikombe, wala sahani, nimejichosha bure kuchemsha. Inatoka na kikohozi, inakaa kwenye hewa, hasa kwenye chumba kilichofungwa, watu wamekaa pamoja muda mrefu. Uani, kwenye upepo, mtu akimbariki mtoto wake sekunde mbili, yeye hana ugomvi naye.

"Shida ni kulala," akasema.

Nilikuwa naangalia lile gunia kwenye dirisha la Koko.

Jumatano hiyo hiyo nikalitoa gunia. Koko akalirudisha. Nikamwomba Naserian aje kwetu mpaka majibu yatoke. Alikuja, akalala karibu yangu siku mbili kama mtu aliyelazwa, macho yako wazi, anauliza kila mara kama kumekucha.

Na leo, kama nilivyosema, majibu.

Mimi sina. Lomayani hana. Naserian hana. Dada Penda alirudia jina la Naserian mara mbili akiniangalia, akingoja nifanye kile ambacho mama hufanya. Mtoto wangu hana TB. Hajawahi kuwa nayo. Atapewa dawa za kinga kwa sababu ya wagonjwa aliokaa nao, basi. Nilisema Mungu ni mwema, kwa sababu ndivyo watu husema, kisha nikaenda kumenya vile viazi.

Koko anayo. Tena nyingi, alisema Dada Penda, na inaonekana ni ya siku nyingi. Labda Mirerani haina kosa. Labda Baba Naserian aliichukua hapa hapa nyumbani akija kumsalimia mama yake, wamekaa wawili mafigani mlango umefungwa. Au aliileta yeye. Hakuna atakayetuambia nani alimpa nani, na mume wangu amekwisha kujihukumu, sidhani kama atakubali kuachiwa huru. Nilipompelekea habari dirishani aliuliza tu kama mama yake atapona. Nikasema wanasema atapona.

Kumwambia Koko ilikuwa kazi yangu. Dada Penda alijitolea, nikamwambia hapana, angoje uani.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Nilibaki mlangoni, mlango nimeuacha wazi. Nikasema majibu yamekuja. Hakuinua kichwa.

"Naserian?"

"Mzima, Koko."

"Lomayani?"

"Mzima."

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Na wewe?"

Hapo kitu kilinigusa. Siyo kikubwa. Ni kama pale mguu wenye ganzi unapoanza kuchomachoma. Kwenye wiki hizi zote hakuna aliyeniuliza mimi. Nikasema mimi ni mzima pia. Akatikisa kichwa kukubali, akasema kitu kwa Engai, kifupi. Kuhusu yeye hakuuliza. Nikasubiri aulize, nimeyashika yale maneno mdomoni, miezi sita, vidonge, bure, utapona. Hakuuliza. Alishajua tangu nilipobaki mlangoni.

Akasimama. Akaenda kitandani kwao. Nasema kwao kwa sababu ni cha watu wawili, upande wa ukutani ni wa mtoto. Akachukua mto wa Naserian, ule mdogo wenye foronya ya maua niliyoishona kutoka kwenye gauni la mtumba. Akachukua blanketi lake. Akachukua soksi zake mbili chini ya godoro, na kitana, na daftari la hesabu. Akavifunga vyote ndani ya shuka lake jekundu, akaja nalo mpaka nusu ya chumba, akaliweka chini sakafuni, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Chukua," akasema. "Asije tena huku."

Nikamweleza haraka haraka, kwa mara ya kwanza wiki hii maneno yakinitoka bila kupangwa, kwamba uani anaruhusiwa, kwamba baraka za asubuhi hazina shida, kwamba ni kulala tu, na dawa zikishaanza kufanya kazi hata hilo litaangaliwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameshasikia. Kisha akaenda mwenyewe dirishani akalitoa gunia, akalikunja.

Lakini mchana Naserian aliporudi kutoka kuchota maji akakimbilia kule kama kawaida yake, alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Aligonga. Aliita Koko, Koko. Akazunguka dirishani, akaita pale. Koko alikuwemo, nilisikia kikohozi chake. Hakuitikia. Huyu mwanamke ambaye hata akiwa anasali huitikia akiitwa na mjukuu wake. Mtoto aligonga mpaka akachoka, akakaa chini mlangoni kwenye ubaridi, na mimi nilimwona kupitia dirisha la jikoni na miguu haikunyanyuka. Lomayani ndiye aliyekwenda kumbeba.

Kesho asubuhi Dada Penda atakuja na vidonge vya kwanza vya Koko. Nimeshapanga nitamsimamia mwenyewe ameze, kila siku, hata akinichukia. Nitamtoa uani akae kwenye upepo, nimwekee kigoda na blanketi. Nitajaribu kumweleza tena kwamba mlango haukuhitaji kufungwa.

Sasa hivi ni jioni, mvua ya manyunyu imeanza tena. Viazi viliungua, tumevila hivyo hivyo. Naserian yuko hapa kando yangu, ameegemea lile shuka jekundu bila kulifungua. Majirani wakijua wataniambia nifanye sherehe, mtoto wangu aliyekuwa mgonjwa hakuwa mgonjwa. Nami nimekaa namtazama mwanangu mzima kabisa, kifua chake kisafi, na bado natafuta ile furaha ilipowekwa.

Ameniuliza sasa hivi, wakati naandika mstari ule wa juu, kosa lake kwa Koko ni lipi.

Nimemwambia hana kosa lolote. Nimemwambia Koko anampenda, ndiyo maana. Ameniangalia kama mtu anayeangalia nguo ambayo hailingani na maelezo ya muuzaji, kisha akageukia ukuta.

Hakuniamini. Kesho nitamwambia tena.